Pikapu ya Bi Tunu Ibebe Jina la Nani?

Sogezeni viti, na wewe mwenye redio izime, maana redio ya leo iko ndani ya hadithi. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Kazi ya kuamua ni yenu, na sitaki kusikia mtu ananiambia "mimi sijui". Anayeogopa kubishana na jirani yake aondoke sasa hivi, kabla sijaanza.

Palikuwa na mafundi watatu Ngamiani, mjini Tanga, kule ambako barabara huitwa kwa namba. Wote watatu walifanyia kazi uani kwa Bi Tunu, mjane wa mzee Singano.

Wa kwanza ni Jumbe, fundi spika. Huyu alijaliwa sikio. Ukipita nje ya ukuta na baiskeli, yeye yuko ndani, anakupigia kelele kwamba mnyororo wako umelegea. Kabla hajaunda boksi la spika aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, na ubao ukimjibu vibaya aliurudisha kwa seremala bila hata kumsalimu.

Wa pili ni Semboja, fundi umeme wa magari, Msambaa wa Lushoto, mpole wa sauti na mkaidi wa roho. Huyu alijaliwa jicho. Gari lililoungua nyaya zote angelikodolea macho kwa muda, kisha akazifumua nyaya na kuzisuka upya kama msusi na kichwa cha bibi harusi. Watu walikuwa wanafungua boneti za magari yao kuonyesha wageni kazi ya Semboja.

Wa tatu ni Mwajabu, binti wa Bi Tunu, fundi wa kushona viti vya magari. Huyu alijaliwa mkono. Alipapasa kiti kilichochakaa akakuambia mwenye gari anaegemea upande gani na kiuno kinamuuma wapi. Alikuwa na ulimi pia, lakini huo hakujaliwa. Aliupata kwa kukaa gereji na wanaume.

Sasa, mzee Singano alikuwa ameacha pikapu. Enzi zake ndiyo ilikuwa inaongoza misafara ya harusi, spika mbili nyuma, yeye kwenye usukani, na wanawake wanaimba huku wanalitaja gari kwa jina lake. Mzee alipofariki, pikapu ikapandishwa juu ya mawe. Injini ikafa, kutu ikala jina lililoandikwa kwenye paji la bati juu ya kioo cha mbele mpaka herufi zikakwisha, na kuku wa Bi Tunu wakahamia chini yake na vifaranga wao.

Siku moja akaja Mhando, mdogo wake marehemu, kofia imenyooka kichwani, amekunja uso.

"Shemeji," alimwambia Bi Tunu, "hili si gari tena. Ni chuma chakavu. Nitawaleta watu wa mizani walipime walichukue. Linatia aibu ukoo."

Mwajabu alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Shikamoo, baba mdogo. Watu wa mizani wakija waanze kunipima mimi."

"Marahaba. Kwa ulimi huo nani atakuoa?"

"Atakayenioa pamoja na gari."

Mafundi wakainamisha vichwa, kila mmoja akajifanya anatafuta spana. Mhando hakucheka. Alikuwa ni mkubwa wa ukoo baada ya kaka yake, na neno lake lilikuwa na uzito kwenye kikao. Kikao kikakaliwa. Mwajabu akasimama mbele ya wajomba na mashangazi akasema gari la baba yake litaongoza harusi tena, na ataliendesha yeye. Wengine waliguna, wengine walimuonea huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Vizuri," Mhando akasema mwishowe. "Ijumaa ijayo kuna harusi kwa Mzee Kidee. Kabla ya msafara, gari hilo lipite Ngamiani yote, kutoka Barabara ya Kwanza mpaka ya mwisho, muziki ukipiga. Nitakaa ndani mwenyewe. Likizimika mara moja tu, linakwenda kwenye mizani na msinilaumu."

"Nimekubali," akasema Bi Tunu. "Na mimi nina langu. Likifika, litaandikwa upya jina juu ya kioo. Litabeba jina la fundi aliyelifikisha. Jina moja. Gari la harusi huitwa kwa jina lake, na kwenye wimbo pana nafasi ya jina moja tu."

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Injini ya marehemu ilikuwa ya kizamani, haina kompyuta, ukiikemea inawaka. Hiyo haikufaa tena. Walipata injini kutoka gari lililogongwa, injini ya kisasa, na injini ya kisasa haiendi bila kompyuta yake. Ni kisanduku cha bati, kama kitabu kwa ukubwa, kina miguu midogo ya shaba inapochomekwa soketi ya nyaya. Kisanduku hicho ndicho kinachoiambia injini ipulize mafuta lini na iwashe moto lini. Kikinyamaza, injini inanyamaza.

Na Ngamiani siku hizo kulikuwa na wezi wa ajabu. Gari hawaibi. Wanaiba kompyuta. Unaamka asubuhi unakuta gari lako lipo, limeoshwa na umande, zuri kabisa, ila halina akili.

"Tutaiweka wapi?" Semboja akauliza.

"Weka ndani ya boksi langu la spika," akasema Jumbe. "Ubao mnene, gundi na skrubu. Boksi litafungwa nyuma kwenye bodi. Mwizi atakayelifungua aje na msumeno na mashahidi."

Semboja akaliona wazo ni la maana. Akatoboa tundu, akapitisha nyaya zake, akaifunga kompyuta ndani ya boksi, pembeni mwa amplifaya, sumaku ya spika kubwa ikiwa pua na mdomo nayo. Jumbe akaliziba boksi kwa gundi. Mwajabu akalivika ngozi nyekundu, akashona mshono usioonekana, hata wewe ungepitisha mkono juu yake usingejua kuna kitu. Wakarudi nyuma hatua chache, wakaitazama kazi yao, wakasifiana, wakaagiza kahawa. Kumbukeni hapo: kila mmoja alitia mkono wake, na kila mmoja alikunywa kahawa.

Alhamisi, jua linawaka, pikapu ikashushwa kwenye mawe. Kuku walilalamika sana. Mhando alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, miguu ameinyoosha kama mtu aliyealikwa.

Mwajabu akawasha injini peke yake. Ikanguruma vizuri. Bi Tunu akapiga kigelegele.

Injini ikazimwa, Jumbe akawasha muziki peke yake. Mabati ya choo yakatetemeka, majirani wakatoka nje.

Wakawasha vyote viwili. Zumari ikaanza, sauti ya mwimbaji ikaingia, na injini inanguruma. Kisha ngoma kubwa ikapiga mara ya kwanza, na injini ikakata. Wakajaribu tena, ikakata tena, pale pale kwenye ngoma.

Mhando akacheka mpaka akashika kofia. "Nimwite mwenye mizani?"

"Mwite," Mwajabu akajibu. "Mwambie aje na kiti chake, atakaa sana."

Lakini alikuwa amejisifu mbele ya ukoo mzima, na sasa aliona gari la baba yake likikatwakatwa vipande na watu wasiomjua. Nyuma yake mafundi wawili walishaanza. Jumbe alisema nyaya mbovu. Semboja alisema spika kubwa kupita kiasi. Mwajabu akawageukia.

"Mkitaka kugombana, kagombaneni kwenu. Hapa kuna gari."

Wakarudi kwenye gari. Na sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtakapopata shida.

Jumbe alitoa sikio. Aliwanyamazisha watu wote, hata mtoto aliyekuwa ananyonya. Akapiga kipande cha wimbo chenye zumari peke yake, injini haikukata. Akapiga sauti ya mwimbaji, haikukata. Akapiga ngoma, ikakata. Kisha akaacha spika zimewashwa bila wimbo wowote, akamwambia Mwajabu akanyage mafuta. Ndani ya spika kikasikika kilio chembamba, kinapanda injini ikipanda, kinashuka ikishuka. Hakuna mwingine aliyekuwa amekisikia.

"Sikieni," akasema, uso umemsawijika. "Injini inalia ndani ya spika zangu, na spika zangu zinaipiga injini kichwani. Tumewalaza kitanda kimoja watu wasioelewana."

Boksi likawa halifunguki; alilifunga mwenyewe lisifunguke. Lilikuwa boksi bora kuliko yote aliyowahi kuunda, na aliwahi kuapa kwamba msumeno hautaligusa. Jumbe akachukua msumeno, akauma mdomo, akalikata usoni, ngozi nyekundu na ubao kwa pamoja. Alipoliziba baadaye lilibaki na kovu ambalo lipo mpaka leo.

Semboja alitoa jicho. Kompyuta ilipotolewa wote waliiona nzima. Yeye akaipeleka juani, akaigeuza, akafumba jicho moja. Miguu miwili ya shaba ilikuwa imeshaanza kuwa myeusi, kwa sababu kila ngoma ilipopiga soketi ilichezacheza na kuachia. Kisha akafuata waya wa ethi wa kompyuta, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, na waya wa ethi wa amplifaya, akakuta zote mbili amezifunga kwenye bolti moja.

"Wawili wanakunywa kikombe kimoja," akasema polepole. "Mkubwa akivuta, mdogo anakosa. Bolti hii niliikaza mimi."

Nyaya zile zilikuwa ndiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Asubuhi yake watu walizipiga picha. Semboja akazikata zote. Akazisuka upya: za muziki zikapita kulia mwa gari, za kompyuta zikapita kushoto, kila mmoja na bolti yake, mbali na mwenzake. Akaisugua miguu ya shaba ikang'aa. Injini ikawaka huku kompyuta ameishika mkononi, ngoma ikapiga, na haikukata. Watu wakashangilia.

"Msishangilie," Semboja akasema. "Naishika mpaka lini? Kwenye boneti kuna joto na maji. Sakafuni mvua ikinyesha barabara zetu zinajaa mpaka kwenye pedeli. Chini ya dashibodi ndipo mkono wa mwizi unapoanzia. Nimeitoa kaburini na sina pa kuiweka."

Mwajabu alitoa mkono. Aliingia akakaa kwenye kiti cha dereva, ambacho ndicho kitu pekee kilichobaki kama baba yake alivyokiacha. Alikuwa ameshona viti vya nusu ya mji, lakini hicho alikataa kukigusa. Sponji yake ilikuwa imebonyea umbo la mgongo wa mzee Singano, bega la kulia chini kidogo, maana mzee alikuwa na tabia ya kuegemea mlango. Mwajabu akapeleka mkono nyuma ya kiti, akapapasa. Pale, kati ya mgongo wa kiti na ukuta wa bati, palikuwa pakavu, pako juu ya maji, pako mbali na joto, na ukuta wa chuma ulipatenga na spika za nyuma. Kasoro ilikuwa moja: hapakutosha. Ili kompyuta iingie, mgongo wa kiti ulipaswa kukatwa.

Akashika kisu, mkono ukagoma. Machozi yakamtoka mbele ya Mhando, na hakuyafuta.

"Mama, nikikata hapa sitamwona tena."

"Baba yako hakuwa sponji," Bi Tunu akamwambia. "Kata."

Akakata. Akaitengenezea kompyuta kiota: sponji pembeni isitikisike, mkanda wa chuma uishike, na nyuma wavu ili joto lipate pa kutokea. Akafunika, akashona kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Mwizi anayeitaka kompyuta ile sasa ni lazima aibe na dereva.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Mhando akaingia akakaa kiti cha abiria, mikono juu ya magoti. Mwajabu kwenye usukani. Jumbe na Semboja nyuma, wameshikilia bodi, roho juu. Injini ikawaka, ngoma ikapiga, na pikapu ikaondoka Barabara ya Kwanza.

Wauza mihogo waliacha vikaango. Wazee wa bao waliinua vichwa. Kwenye Barabara ya Tisa kuna shimo ambalo kila dereva wa Tanga amewahi kulitukana. Mwajabu alilipiga kwa makusudi, Jumbe akafumba macho, injini ikaendelea. Walipofika katikati ya safari Mhando akanyoosha mkono mwenyewe, akaikamata swichi ya sauti, akaizungusha mpaka ikagota. Madirisha ya nyumba yakalia. Mwajabu alimtazama baba yake mdogo usoni, akaongeza mafuta.

Barabara ya mwisho akasimama na injini bado inanguruma. Mhando akashuka, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni.

"Masikio yangu yamezimika," akasema kwa kelele, maana alikuwa hasikii hata sauti yake. "Gari halijazimika. Mizani isije."

Mngedhani yamekwisha. Ndiyo kwanza yalianza. Walirudi uani wakamkuta Chande, mchora mabango, amepanda stuli mbele ya pikapu, amepaka rangi nyeupe juu ya kioo, brashi nyekundu mkononi.

"Niandike nani?"

"Jumbe," akasema Jumbe. "Bila sikio langu mngekuwa bado mnatukanana. Na nilikata boksi langu kwa mkono wangu."

"Wazo la kuficha humo lilikuwa la nani?" Semboja akamuuliza. "Unataka kuandikwa kwa ugonjwa au kwa dawa? Niandike mimi. Iliwaka mkononi mwangu, kila mtu aliona."

"Mkononi mwako ingepitaje Barabara ya Tisa?" Mwajabu akasema. "Na wewe ndiye fundi umeme. Aliyepaswa kujua kwamba hawa wawili hawalali pamoja alikuwa nani? Mimi nimewapa pa kuiweka, nimekata mgongo wa baba yangu, na nimeendesha. Niandikwe mimi, na siombi, nasema."

"Na ngozi nyekundu iliyofunika kosa ilishonwa na nani?" Jumbe akamrudishia. "Mshono usioonekana!"

"Hata mimi nina haki," Mhando akadakia kutoka getini. "Nisingewatisha, mngekuwa mnakunywa kahawa mpaka leo." Wote watatu walimgeukia kwa pamoja, akatafuta kofia yake.

Bi Tunu aliwatazama mmoja mmoja. Kosa walilifanya watatu, kila mtu sehemu yake. Dawa waliitoa watatu, kila mtu sehemu yake. Kila mmoja alikiharibu kitu alichokipenda kuliko vyote. Na kabla hajatamka jina, watu wa Mzee Kidee walikuwa wamejaa mlangoni na matari yao, bwana harusi amevaa joho, wanapiga kelele: "Gari! Gari liko wapi?"

Basi pikapu ikaondoka na paji jeupe lisilo na neno. Mwajabu kwenye usukani, wanawake nyuma wakaanzisha wimbo wa kulisifu gari, ule ule wa enzi za baba yake: lipisheni, linakuja, linampeleka mwana, na jina lake ni... Hapo wakakwama. Wakatazamana. Kisha wakapiga makofi matatu mahali pa jina, wakaendelea. Kila kona waliyokata, Mwajabu aliyasikia yale makofi. Mgongoni mwake pale alipozoea kumhisi baba yake palikuwa na kisanduku cha bati, na ilimuuma, na alifurahi, vyote kwa pamoja. Alilitaka jina lile kuliko kitu chochote. Lakini hakugeuka kuwaambia waimbaji walitaje lake. Alipandisha sauti.

Chande yuko kwenye kona ya mbele anawasubiri, stuli kwapani, brashi mkononi, rangi inaanza kukauka. Msafara unakaribia. Wanawake wamevuta pumzi, wamefika tena pale pale. Haya, wewe unayenitazama, na wewe uliyejificha nyuma yake: jina lake ni nani?